Hi-Power ya zamani: kuipata, kuikagua na kuijua triga yake

Wengi wanaoitamani bastola ya Browning Hi-Power huanza kwa kuuliza bei. Bei iache kwanza. Hii ni semi-otomatiki ya kukoki kwanza, yaani kuvuta nyundo nyuma hadi ishike: triga yake ina kazi moja tu, kuachia nyundo. Nyundo ikiwa imelala, bonyeza utakavyo, haipigi. Ukikoki mara ya kwanza, slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma na mbele) itakukokia kwa kila risasi inayofuata. Aliyezoea Glock, bastola isiyo na nyundo ya kukoki, atapotea kidogo hapo, halafu magazini (kasha la risasi) itampoteza zaidi. Ndiyo maana hatua ya nne humu ni ndefu kuliko nyingine.

1. Karatasi

Usitoe hata shilingi ya kishika nafasi kabla ya kibali. Hapa Tanzania Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala umiliki, na mlango ni polisi. Uwe Area C au Nzuguni hapa Dodoma, anzia ofisi ya serikali ya mtaa wako, kisha uende polisi wilaya wakupe orodha ya viambatanisho. Yaliyobaki ni subira.

Ukisikia kuna mzee ameacha Hi-Power, jua kwamba leseni ni ya mtu na hairithiwi pamoja na sanduku. Familia ikikuambia "chukua tu, tutaandikishana kwa mwenyekiti," kataa. Silaha iende polisi kwanza, na umiliki uhamishiwe huko huko.

2. Uitafute ipi

John Browning aliianza, akafariki mwaka 1926 kabla haijakamilika, na Dieudonné Saive wa kiwanda cha FN, Ubelgiji, akaimalizia. Ilitoka mwaka 1935. Inatumia risasi ya 9×19, magazini yake ya kawaida inabeba 13, na uzito wake bila risasi ni karibu gramu 900.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua toleo la Mark III, lililoanza kutoka mwishoni mwa miaka ya 1980. Vilengeo vyake vinaonekana, sefti (kifungo cha usalama) ina mkono pande zote mbili, na pini ya kugonga ina kizuizi chake, hivyo bastola ikianguka pini haichomoki mbele yenyewe. Zile za zamani ni nzuri kabatini. Vilengeo vyake ni vidogo mno kwa anayejifunza, na njia ya kupandishia risasi kwenda chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi) haipendi risasi zenye pua bapa au yenye shimo.

Ile ya kiwanda cha FM, Argentina, ilitengenezwa kwa leseni ya FN na inafaa kabisa. Zile za kiwanda cha FEG, Hungaria, zichunguze moja moja: nyingine ni nakala kamili, nyingine zimebadilishwa ndani na vipuri vya Hi-Power havizikubali. FN High Power ya mwaka 2022 ina jina tu. Magazini zake ni nyingine na vipuri ni vingine. Muuzaji akikuambia ni ile ile, muulize magazini inabeba risasi ngapi. Akijibu 17, umeshajua.

3. Ukaguzi mbele ya muuzaji

Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza ncha ya kidole. Baada ya hapo ndipo uanze.

Linganisha namba ya silaha na karatasi, tarakimu kwa tarakimu. Funga slaidi, bonyeza juu ya chemba kwa kidole gumba: mtutu usicheze. Ifungue slaidi, utazame meno ya juu ya mtutu yanayojifunga kwenye slaidi. Kingo zake ziwe kali; zikiwa zimeviringika, bastola imepigwa sana ikiwa na springi iliyochoka.

Koki nyundo, usiguse triga, isukume nyundo mbele kwa gumba kwa nguvu ya wastani. Ikianguka, rudisha bastola mezani, uage. Koki tena, weka sefti, ingiza magazini tupu, bonyeza triga kwa nguvu, achia, kisha ondoa sefti. Nyundo isisogee hata kidogo. Sefti hii haipandi kama nyundo haijakokiwa. Huo si ubovu.

Mwisho ni penseli. Iingize mtutuni kichwa cha ufutio kikitangulia, mdomo wa bastola utazame juu, magazini tupu ndani, koki, bonyeza. Penseli iruke itoke nje. Ikisogea tu bila kuruka, pini ni chafu au springi ya nyundo imekatwa na fundi aliyetaka triga nyepesi.

4. Fumbo la magazini, na mazoezi bila risasi

Hapa ndipo watu hupoteza mchana mzima, na wengine hubeba bastola nzima kabisa kwenda kwa fundi.

Hi-Power ya asili ina kijiti kidogo nyuma ya triga kinachogusa uso wa mbele wa magazini. Magazini ikitoka, kijiti kinasogea na triga inakatika mawasiliano na nyundo. Utabonyeza, itarudi nyuma laini, na nyundo haitaanguka. Bastola haijaharibika. Inasubiri magazini.

Kwa hiyo mazoezi ya nyumbani lazima yafanywe na magazini ndani, na magazini tupu inaleta tatizo la pili: ukivuta slaidi hadi mwisho, inakwama nyuma, kwa sababu magazini tupu inainua kizuizi cha slaidi. Mgeni hudhani sasa kuna mambo mawili yaliyoharibika.

Fanya hivi. Risasi zote zitoke chumbani, si mezani tu. Chagua magazini moja ya mazoezi, izungushie utepe mwekundu, na magazini hiyo isiwekewe risasi halisi kamwe. Elekeza mdomo kwenye gunia la mchanga mkavu lenye unene usiopungua sentimita 30. Ukuta wa tofali za saruji zenye matundu usiuamini, maana upande wa pili kuna jirani. Kagua chemba, ingiza magazini yenye utepe, koki nyundo kwa gumba, lenga, bonyeza. Kurudia, koki tena kwa gumba. Slaidi hutaihitaji.

Utaihitaji ukitaka kujifunza kurudisha triga, yaani kuiachia hadi isikike "tik" na kuishia hapo hapo, badala ya kunyoosha kidole chote. Shikilia triga nyuma kisha ujaribu kukoki kwa gumba: nyundo haitashika. Ndivyo ilivyoundwa, kwani slaidi ndiyo inayotenganisha triga na jino linaloshika nyundo. Dawa yake ni kuvuta slaidi nusu. Ukiwa bado umebana triga, rudisha slaidi kwa mkono wa kushoto hadi nyundo ishike, usifike mwisho, kisha iache irudi. Nyundo hushika kabla slaidi haijafika kwenye kizuizi, hivyo haitakwama. Sasa achia triga polepole, sikia "tik", bonyeza tena.

Slaidi ikikwama nyuma kwa bahati mbaya, isindikize kwa mkono irudi. Kuiachia igonge kwenye chemba tupu mara kwa mara kunachosha jino la nyundo. Risasi bandia za mazoezi zinasaidia kulinda pini, hasa kwenye bastola za zamani. Chagua zenye rangi kali zisizoweza kufananishwa na halisi hata kwenye mwanga wa koroboi.

Triga ya Hi-Power hukwaruza, na sehemu ya mkwaruzo huo ni kile kijiti kikisugua magazini. Wengi watakushauri ukitoe. Mimi sishauri: umenunua bastola yenye kinga, usiigeuze isiyo na kinga kwa ajili ya ulaini wa kidole. Chukua Brasso na kitambaa, ung'arishe uso wa mbele wa magazini, pale tu kijiti kinapogusa, hadi uone sura yako. Futa Brasso yote. Tofauti utaisikia siku hiyo hiyo. Triga nzuri ya bastola hii huachia kwenye kilo 2.5 hadi 3.5, usitafute nyepesi zaidi.

Hatari halisi ya fumbo hili ni wakati wa kushusha risasi. Mtu ametoa magazini, nyundo imekokiwa, anataka kuilaza, triga haikubali. Anachukua magazini iliyo karibu, yenye risasi, anaichomeka, anavuta slaidi kwa mazoea. Sasa ana risasi chemba na kidole kwenye triga. Utaratibu ni mmoja na haugeuzwi: magazini nje kwanza, vuta slaidi mara tatu, ishikilie nyuma, tazama, gusa kwa kidole, ifunge, magazini yenye utepe ndani, mdomo kwenye gunia la mchanga, bonyeza. Anayeanza kwa kuvuta slaidi kabla ya kutoa magazini anatoa risasi moja na kuingiza nyingine.

Nyundo usiilaze kwa gumba juu ya risasi iliyo chemba. Pia usiiache nusu njia ukidhani ni sefti. Kile kituo cha kati ni cha kudaka nyundo ikiteleza.

5. Kushika

Mkono wa kulia juu kabisa ya mpini, wa kushoto ujaze nafasi iliyobaki, vidole gumba vyote vitazame mbele upande wa kushoto. Waliopita JKT Makutupora wamezoea silaha yenye bega la kuegemea. Hapa bega ni viganja viwili, na wa kushoto ndio ubane zaidi.

Nyundo yenye mkia mrefu huuma ngozi kati ya gumba na shahada. Ukiona alama nyekundu, weka plasta kabla ya kuendelea. Usishushe mkono kwenye mpini kuikimbia nyundo, la sivyo bastola itaruka zaidi.

Kuvuta slaidi kukiwa kugumu, koki nyundo kwanza. Springi ya nyundo ni nzito, na nguvu nyingi unayoitumia inaishia kuikoki. Ukishaikoki, slaidi inakuwa nyepesi mara moja.

6. Renji

Iwe renji iliyoruhusiwa. Uliza polisi waliokupa leseni. Korongo la nyuma ya shamba si renji.

Anzia mita 5, karatasi ya A4, risasi tano tano. Kisha mita 7; ukiweza kuweka tano ndani ya kiganja, nenda 10, halafu 15. Mwenzako akujazie magazini, achanganye risasi bandia mbili kati ya halisi nne bila wewe kuona. Ikifika ya bandia na mdomo ukainama, tatizo ni wewe kushtuka kabla ya mlio. Rudi hatua ya nne kwa wiki nzima.

Zikienda kushoto (kwa anayetumia mkono wa kulia), usikimbilie kilengeo. Mpe mpigaji mwenye uzoefu risasi tano. Zake pia zikienda kushoto, ndipo usogeze kilengeo cha nyuma kwenda kulia, upande unaotaka risasi ziende. Zidisha kosa kwa umbali kati ya vilengeo viwili, takribani milimita 159, kisha gawa kwa umbali wa shabaha. Kosa la sentimita 8 kwenye mita 15 ni 80 × 159 ÷ 15000, karibu milimita 0.85. Piga alama ya penseli kabla ya kugonga.

Ganda likikwama wima kwenye mlango wa slaidi, kwanza kaza kifundo cha mkono, pili safisha ndoano inayotoa ganda, tatu badilisha aina ya risasi. Risasi isipopanda chemba, jaribu magazini nyingine kabla ya kulaumu bastola. Magazini za zamani zenye springi iliyolegea zijaze 10, si 13.

7. Mafuta na vumbi

Upepo wa Juni hadi Agosti hapa Dodoma hupeleka vumbi hata ndani ya kabati, na mafuta mengi hulinasa. Tone moja kila reli ya slaidi, tone kwenye mtutu pale unapotokeza mbele, tone kwenye meno yake ya juu, kisha futa hadi ibaki kama haijapakwa. Mafuta ya cherehani yanatosha. Ya alizeti usiyaguse, hata yakiwa yamekamuliwa mtaa wa pili: yanakauka na kuwa gundi, na pini ikinata kwenye tundu lake utarudi kwenye jaribio la penseli.

Ukiunganisha na kizuizi cha slaidi kikakataa kuingia, usigonge. Fimbo ya springi imegeuka pembeni. Izungushe hadi tundu lake lilingane na la fremu, kitaingia kwa gumba.