Kuwaona viumbe wa tone la maji kwa hadubini, hata na baridi ya Mbeya

Chukua majani makavu, yale ya ng'ombe yanatosha kabisa, weka kiasi kwenye chupa ya mdomo mpana, mimina maji ya mvua (ya bomba kama yana klorini yatawaua), af ongeza maji kidogo ya dimbwi na tope la chini. Usikaze mfuniko. Mwezi wa sita huku Mbeya iweke karibu na jiko, ngoja kama wiki hivi, kwanza wanajaa bakteria af ndo wanakuja wanaowala.

Ikianza kunuka na kuweka utando nyonya tone hapo hapo chini ya utando, weka kwenye slaidi (kile kipande cha kioo cha hadubini) na nyuzi mbili tatu za pamba maana paramesiamu, mmoja wa hao viumbe, mwili wake seli moja tu, ana mbio balaa, pamba inambana. Ukuzaji wa mara 100 unatosha. Ana umbo kama soli ya kandambili, vinyweleo mwili mzima, na ukitulia utaona kifuko kinajaa maji taratibu, ghafla kinajibana kinayatoa nje, kinaanza tena. Yuglena ni kijani, ana kidoa chekundu. Amiba mtafute kwenye tope, anachosha.

Wote hao seli zao zina kiini, bakteria hana. Ila kuwa na kiini hakumaanishi ni ndugu wa karibu: mfano yule anayeozesha viazi milima ya Uporoto kipindi cha mvua, Phytophthora infestans, watu wanamwita fangasi wakati ukoo wake uko karibu na diatomu (mwani wa seli moja) kuliko hamira inayochachua ulanzi wa Iringa.

Ukimaliza mwaga shambani, nawa na sabuni.