Kuvishwa jino kofia: mambo ya kukagua kabla saruji haijakauka

Kofia ya jino, ambayo wengine huiita krauni au taji, ni ganda gumu linalofunika sehemu yote ya jino iliyo juu ya ufizi, likibandikwa kwa saruji ya meno. Haitibu uozo. Kazi yake ni kulishika jino lililochoka lisije likapasuka. Ndiyo maana swali la kwanza kwa daktari wa meno si kofia ya aina gani, bali jino lililobaki linatosha kuibeba?

Gego lililotibiwa mzizi, yaani lililotolewa neva ya ndani na mfereji wake kuzibwa, ndilo lisilopaswa kucheleweshwa. Limeshatobolewa katikati na kuta zake zimebaki nyembamba, kwa hiyo kila ukitafuna kuta hizo husukumwa zitanuke. Likikaa miezi na dawa ya muda ya kuziba, linaweza kupasuka wima hadi mzizini, na hapo dawa yake ni kung'olewa tu. Jino la mbele lililotibiwa mzizi lakini likabaki karibu zima, mara nyingi linatosheka na kuzibwa. Wengine wanaohitaji kofia ni wenye jino lililozibwa sehemu kubwa kuliko iliyobaki, lililomeguka pembe, au lenye ufa: lile linalochoma ghafla unapouma kitu, au pale unapoachia.

Kabla ya kuchonga ipigwe eksirei inayoonyesha mpaka ncha ya mzizi. Uozo wote utolewe, kisha ipimwe sehemu ngumu iliyosalia juu ya ufizi. Kofia inahitaji kukumbatia mkanda wa jino halisi wenye kimo cha milimita 2 hivi, kuzunguka pande zote. Mkanda huo usipokuwepo, kofia itang'ang'ania dawa ya kuzibia badala ya jino, na itachomoka au itavunjika pamoja na kisiki. Wengi hudhani nguzo inayopachikwa ndani ya mzizi huliimarisha jino. Hailiimarishi. Kazi yake ni kushikilia dawa iliyojengwa juu yake, na kuipachika hugharimu sehemu nyingine ya mzizi, kwa hiyo iwekwe pale tu ambapo dawa haina pa kushikia.

Kwa magego, zirkonia (aina ya kauri ngumu sana) au metali hustahimili kutafuna vizuri. Kofia ya dhahabu huhitaji jino lichongwe kidogo kuliko nyingine, ila rangi yake haijifichi. Kauri zenye asili ya kioo hupitisha mwanga kama jino, kwa hiyo hupendeza mbele. Poseleni iliyopakwa juu ya metali ni imara, lakini poseleni inaweza kubanduka kipande, na ufizi ukishuka baadaye mstari wa kijivu hujitokeza ukingoni. Kama ngozi yako hukataa hereni za bei rahisi, mwambie daktari, kwani baadhi ya metali hizo zina nikeli.

Rangi ichaguliwe mwanzoni kabisa mwa miadi, kwenye mwanga wa mchana, meno yakiwa na mate. Jino lililokaa wazi dakika chache hukauka na kuonekana jeupe kuliko lilivyo, na kofia iliyolinganishwa nalo wakati huo itakuja kung'aa peke yake. Ukitaka kung'arisha meno, fanya hivyo kwanza na usubiri wiki 2 rangi itulie. Kofia yenyewe haing'ariki.

Siku ya kuchonga, baada ya sindano ya ganzi, jino hupunguzwa takriban milimita 1.5 hadi 2 upande wa kutafunia na kama milimita 1 pembeni, kutegemea aina ya kofia. Kisha uzi mwembamba husokomezwa kati ya jino na ufizi ili ukingo wa mchongo uonekane. Ukingo huo ndio uhai wa kazi nzima. Damu au mate yakiufunika wakati wa kuchukua kipimo, iwe kwa dawa laini inayogandia mdomoni au kwa kamera, maabara itakisia mahali pa kuishia, na kofia itaacha mwanya. Daktari akisema kipimo kirudiwe, kubali bila kunung'unika. Ukiwa na ganzi usile. Ni rahisi kujing'ata shavu bila kujua.

Utatoka na kofia ya muda ya plastiki, isipokuwa kliniki iwe na mashine ya kuchonga ile ya kudumu siku hiyohiyo. Hii ya muda hubandikwa kwa saruji dhaifu makusudi, ili itoke kirahisi. Tafunia upande wa pili, achana na bazoka na tofi, na unapotumia uzi wa meno uchomoe kwa pembeni badala ya kuunyanyua juu. Ikidondoka, rudi kliniki kesho yake hata kama huumwi. Meno ya jirani husogea, lile linalokutana nalo hushuka, na ufizi hupanda juu ya ukingo, na kofia uliyokwisha kuilipia haitaingia tena.

Siku ya kubandika ndiyo siku ya kuwa mgumu, kwa sababu saruji ikishakauka, kofia hutolewa kwa kukatwa. Omba kioo uitazame rangi kwanza. Kisha uzi wa meno upitishwe kila upande: unatakiwa ukwame kidogo, halafu uingie kwa mshtuko mdogo, ‘tik’. Ukiteleza bila kizuizi, nyama itakuwa inakwama hapo kila mlo. Usipoingia kabisa, kofia haijakaa mpaka chini. Mwisho huja karatasi ya rangi unayoing'ata. Alama zinazobaki kwenye kofia ziwe hafifu kama za meno ya jirani. Doa moja jeusi lenye kitovu cheupe lina maana kofia iko juu, yaani inagusana kabla ya meno mengine, nayo ipunguzwe na ilainishwe vizuri, maana kauri iliyokwaruzwa husaga jino inalokutana nalo kama msasa. Mabaki ya saruji chini ya ufizi yatolewe yote. Yakiachwa, ufizi huvimba na kutoka damu.

Kushtuka kidogo kwa maji baridi wiki chache za mwanzo ni kawaida kwa jino lenye neva hai. Maumivu ya kutafuna siyo. Mara nyingi hiyo ni kofia iliyo juu, na kungoja uizoee kunaumiza jino na mfupa wake, wakati kuirekebisha ni kazi ya dakika chache. Maumivu yanayokuja yenyewe usiku na kudunda yanaashiria neva inakufa, jambo linaloweza kutokea hata miaka baadaye. Mara nyingi mzizi hutibiwa kwa kutoboa kofia palepale ilipo.

Kofia haiozi, lakini jino chini yake linaoza, na uozo huanzia ukingoni. Elekeza mswaki kwenye mstari wa ufizi, na pitisha uzi kila siku. Kama husaga meno usingizini, omba kinga ya kuvaa usiku.

Kofia ya kudumu ikichomoka, ioshe, iweke kwenye kikopo chenye mfuniko, na umwone daktari ndani ya siku chache. Usiibandike kwa gundi ya dukani: hudhuru ufizi, na ikigandia vibaya kofia haiwezi kutumika tena. Saruji ya muda ya duka la dawa inatosha kwa kusubiri, lakini usilale nayo ikiwa inacheza. Ukiimeza, kwa kawaida hutoka yenyewe na choo. Ukipaliwa nayo, kisha kikohozi au mluzi kifuani usikome, nenda hospitali wakati huohuo, kwani huenda imeingia njia ya hewa.