Tengeneza ukurasa wa wavuti ukiona matokeo hapo hapo, ata kwa laptopu ya RAM 4GB

Mko aje wote. Hii somo ni ya wale ndo wanaanza HTML (lugha ya kuandika yaliyomo kwa ukurasa) na CSS (ya rangi na mpangilio) na laptopu zao si kali, zile za kutumika za Luthuli, barabara ya elektroniki Nairobi, ukifungua brauza na edita kubwa (programu ya kuandikia kodi) pamoja feni inaanza kulia. Mimi naonelea kwa anayeanza kitu ya maana kabisa ni kuona unachoandika kikibadilika saa hiyo hiyo, juu kosa ukiiona wakati ule umeifanya unajua ni laini gani, lakini ukiandika laini hamsini ndo uangalie, hapo utatafuta mpaka uchoke.

Tutatumia Phoenix Code, ni edita ya bure. Imetoka kwa Brackets, edita ya Adobe, ile ilifika toleo la 1.0 mwaka 2014, Adobe wakaiacha 2021 na jamii ya watumiaji ikaendelea nayo.

Hatua ya 1. Ingia phcode.io udaunlodi ya mashini yako, iko ya Windows, Mac na Linux. Inafanya pia ndani ya brauza lakini kama bando ni ya kuhesabu weka hii ya kompyuta.

Hatua ya 2. Tengeneza folda, tuseme unamfanyia shangazi menyu ya kibanda chake cha Gikomba, iite kibanda. Ndani weka index.html na style.css. Majina yote herufi ndogo bila nafasi, juu Windows haijali Chapo.jpg na chapo.jpg lakini seva za Linux zinajali, siku ukipandisha kazi kwa mtandao picha zitakataa kuonekana. Alafu kwa edita fungua folda yenyewe, si faili moja moja.

Hatua ya 3. Kwa index.html andika tagi (zile alama za < >) za html, head na body. Kwa head weka:

<meta charset="utf-8">
<meta name="viewport" content="width=device-width, initial-scale=1">
<link rel="stylesheet" href="style.css">

Hiyo viewport usiiruke tafadhali, bila hiyo simu inachora ukurasa ni kama iko na skrini ya kompyuta alafu inaufinya, maandishi yanakuwa madogo sana na wateja wa shangazi wote wataingia na simu.

Hatua ya 4. Bonyeza alama ya radi juu kulia, ndo uone ukurasa wako. Kwa body andika <h1>Chapati madondo</h1>, itatokea ukiendelea kuandika bila ata kusevu. Sasa weka kasa (kile kijimstari cha kuandikia) kwa hiyo h1 ubonyeze Ctrl+E, CSS yake inafunguka hapo chini ya laini, unabadilisha rangi bila kuhama faili. Hii ndo napenda kushinda zote. JavaScript, lugha ya kufanya ukurasa utende vitu, ni tofauti kidogo, hiyo sevu ndo uone.

MASWALI

Yangu imegoma, naandika na hakuna kitu inabadilika?
Mara mingi ni tagi haijafungwa au alama ya nukuu imeachwa. HTML ikivunjika inangoja urekebishe. Angalia laini ya mwisho uligusa. Kama ni CSS tu haishiki, cheki jina la faili kwa href.

Niko na VS Code, edita ya Microsoft, tayari, lazima nihame?
Hapana, kama mashini inaibeba kaa nayo. Weka Live Server, nyongeza ya VS Code, bonyeza Go Live chini kulia, inafungua 127.0.0.1:5500, yaani laptopu yako yenyewe. Hii inabadilika ukisevu, kwa hivyo washa Auto Save. Na hakikisha kuna head au body, bila hizo haiwezi kujirefreshi.

Naweza ona kwa simu kabla sijapandisha?
Ndio, na hiyo Live Server. Simu na laptopu ziwe Wi-Fi moja, tafuta anwani ya IP ya laptopu (Windows andika ipconfig), alafu kwa simu andika hiyo anwani na :5500 mwisho. Ikikataa, mara mingi faiwoli (kinga ya mtandao ya laptopu) ndo imezuia, iruhusu kwa mtandao wa nyumbani pekee, usiiruhusu kwa Wi-Fi ya kafe.