Laini ya kurudisha maji inavuja? Acha silikoni kwanza

Ukikuta unga mweupe umeganda kwenye kiungo cha paipu nyuma ya kabati la tenki lako la samaki wa maji chumvi, hilo sio vumbi wala chokaa, ni chumvi, na maana yake hapo panavuja hata kama hujaona tone. Maji yanatoka kidogo kidogo, yanakauka na joto letu hili la pwani, chumvi inabaki. Na laini ya kurudisha maji, yani ile inayopandisha maji toka kwenye sampu (lile tenki dogo la kuchujia) huko chini mpaka tenki la juu, ndo inayosumbua zaidi sababu muda wote iko kwenye presha ya pampu. Ile ya kushusha haina presha ya maana, ikivuja inavuja kwa adabu.

Sasa wengi wakiona hivyo mbio hadiwea, wananunua silikoni wanapaka kwa nje. Aisee hiyo ni hela ya bure. Silikoni inashika kioo vizuri sana ila PVC, yani plastiki ya paipu, haiishiki, halafu maji yanasukuma toka ndani, yataibandua tu kama gamba la kidonda. Tafuta kwanza panapovuja ni wapi. Futa paipu yote na kitambaa chenye maji baridi (yasiyo na chumvi) chumvi iishe, kausha, kisha funga tishu kavu kila kiungo kuanzia juu kabisa kushuka chini, acha pampu ifanye kazi. Usidanganyike na tone linaloning'inia chini, maji yanatembea na paipu, kiungo kinachovuja kinaweza kuwa juu kabisa na tone likadondokea kwenye pampu. Tishu ya juu kuliko zote iliyolowa ndo mwizi wako.

Kabla hujagusa kitu, zima swichi ukutani na uchomoe plagi, mikono mikavu. Maji chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji ya bomba, hapa hakuna ujanja. Na waya wa pampu uache ulegee ushuke chini ya soketi ndo upande, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Ukizima pampu maji ya juu yatarudi chini kwa kupitia hiyohiyo laini mpaka mdomo wake uvute hewa. Kama mdomo umezama sana na sampu imejaa, utaogelea sebuleni. Dawa yake ni kitundu cha milimita 3 au 4 kwenye paipu, chini kidogo ya usawa wa maji, kikivuta hewa tu maji yanaacha kurudi. Ukisafishe mara kwa mara maana mwani unakiziba. Sisi ambao umeme unakatika bila hodi hiki kitundu ni lazima, mi siamini chekivalvu, ile ya kuzuia maji yasirudi, hata kidogo, konokono mmoja tu akikaa pale haifungi tena.

Pampu ikiwa imezimwa samaki waachie pampu ya hewa ya betri au ile ya mawimbi ndani ya tenki. Huku kwetu baridi sio shida, shida ni kwamba maji ya moto yanabeba oksijeni kidogo, kwa hiyo usiseme ntaendelea nikitoka msikitini.

Haya, tiba inategemea panapovuja. Kama ni yunioni, yani kile kiungo cha kufungua na kufunga kwa mkono, fungua utoe oringi (pete ya mpira ya ndani) uiangalie, mara nyingi ni punje ya mchanga au chumvi imekaa chini yake. Ioshe na maji baridi, paka mafuta ya silikoni kidogo sana (sio vaselini, inaharibu baadhi ya oringi), funga kwa mkono. Spana hapana, plastiki inapasuka. Kama ni kiungo cha nyuzi, kile cha kuzungusha kama skrubu, toa tepu nyeupe ya zamani yote, zungusha mpya kufuata upande wa kufungia, raundi kadhaa, rudisha. Kama ni mpira kwenye pampu, kata kile kipande cha mwisho kilichotanuka uchomeke upya na klempu ya plastiki. Fitingi ile ya kupitia kwenye kioo ikivuja, shusha maji chini ya tundu kwanza, raba inakaa upande wa kola (ule ukingo mpana) sio upande wa nati, kaza kwa mkono na kidogo tu zaidi.

Kiungo cha gundi kikivuja hakuna kubembeleza, kata utoe kipande chote uweke kipya. Hapa ndo penye mitego. Paipu ya milimita 25 na fitingi ya robo tatu inchi zinaonekana sawa machoni, ila paipu ya robo tatu nje inakaribia milimita 27, ukichanganya hiyo gundi inajaza nafasi tu, baada ya muda inaachia. Na paipu za PPR zile za kuchomelea hazikubali gundi ya PVC kabisa. Kata pawe sawa, kwangua mabaki, futa, paka gundi pande zote mbili, sukuma huku unazungusha robo duara na ushikilie kama nusu dakika isijirudi. Acha mpaka kesho yake, kipindi cha mvua unyevu unachelewesha kukauka.

Pale dukani utaambiwa "bosi chukua koki ya shaba hii, hiyo ya plastiki haikai". Kwa bomba la nyumbani yuko sahihi. Kwa tenki lako hapana, shaba inaachia kopa, yani madini yake, kwenye maji na kopa inaua kamba, konokono na matumbawe, hata kidogo tu. Klempu za chuma nazo chumvi inazila. Plastiki tupu.

Kitu kingine watu wanasahau ni chumvi yenyewe. Maji yakikauka yanaondoka maji matupu, unajazia maji baridi. Yakivuja yanaondoka na chumvi yake, ukijazia maji baridi kila siku utakuta kipimo cha chumvi kimeshuka toka 1.025 bila kujua. Pima na rifraktomita (kifaa cha kupimia chumvi), jazia maji chumvi. Ukichota baharini chota maji yakijaa, mbali na bandari na mitaro, na sio baada ya mvua kubwa. Ila usirudi na jiwe la matumbawe, hasa upande wa Msimbati huku Mtwara, Mnazi Bay ni hifadhi ya bahari tangu 2000.

Ukiwasha tena, zungushia tishu kavu upya, na ukate umeme makusudi uone sampu inapokea vizuri.

Halafu weka akiba ndani: oringi za yunioni yako, kipande cha mpira, klempu, tepu, gundi ambayo haijafunguliwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga mzigo wa Dar ulikwama, na oringi ya saizi yako kuipata Mtwara mjini ni bahati.