Windows haiwaki na diski inagonga: okoa mafaili kwanza, matengenezo baadaye

Katibu wa kikoba chetu alinipigia simu Jumapili asubuhi. "Mwanangu, kompyuta imegoma. Inaandika kizungu kwenye kioo cheusi, halafu ndani kuna mlio, tik, tik, tik." Kwenye diski hiyo kulikuwa na hesabu za Excel za miaka 7: nani ana hisa ngapi, nani anadaiwa, nani amemdhamini nani. Nikamjibu, "Mama, naomba uizime sasa hivi, na usiiwashe tena mpaka nifike."

Hatua ya 1: Zima

Diski nyingi za kompyuta mpakato, zile za kuzunguka, zina sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake bila kuzigusa. Diski ikishaanza kufa, kila dakika inayozunguka unaitoa kwenye akiba usiyojua imebaki kiasi gani. Ukiiwasha mara kumi ukitumaini Windows itafunguka, akiba hiyo inaishia kwenye kusoma Windows, kitu ambacho utakipata bure kesho. Mafaili ya mtu huwezi kuyapakua popote.

Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani kabisa na mafundi wanaoanza na chkdsk. Programu hiyo inatengeneza mpangilio wa mafaili, haitengenezi diski. Inaandika juu ya diski mgonjwa, na isichoweza kukisoma inaweza kukiondoa kwenye orodha. Kwenye diski nzima ni chombo kizuri. Kwenye diski inayogonga, usiiguse. Usiiweke diski kwenye friji pia, unyevu utaganda ndani. Wala usifungue kifuniko chake, maana punje moja ya vumbi inatosha kukwaruza sahani.

Hatua ya 2: Hakikisha tatizo ni diski

Ingia kwenye BIOS, menyu ya mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows, uone kama diski inatajwa. Kama haitajwi, zima, toa chaja na betri, chomoa diski, irudishe kwa kuisukuma mpaka mwisho, ujaribu mara moja tu. Isipoonekana bado huku inagonga kwa nguvu, kazi yako imeishia hapo. Hiyo ni ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na mwenye mali ndiye wa kuamua kama data inastahili gharama hiyo.

Ikionekana, twende mbele.

Hatua ya 3: Washa kwa fleshi

Mimi natumia SystemRescue. Ni Linux inayowaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, na zana zote zimo. Itengeneze kwa Rufus, programu ya kuandaa fleshi ya kuwashia, ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Zima Secure Boot, kinga ya BIOS inayozuia mifumo isiyoitambua kuwaka, kisha chagua fleshi kwenye menyu ya kuwashia. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows, muulize mwenyewe mapema ufunguo wake wa tarakimu 48. Bila huo, hata nakala kamili haitafunguka.

Tazama hali ya diski (hapa inaitwa sda; Hatua ya 4 inaonesha jinsi ya kuhakikisha jina):

`smartctl -a /dev/sda`

Angalia mistari ya namba 5, 197 na 198. Ya 5 ni sekta, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, ambazo diski imeshazihamisha, 197 ni zinazosubiri kuamuliwa, 198 ni zilizoshindikana kabisa. Ya mama katibu ilikuwa na 1,136 kwenye mstari wa 197. Ukiona tatu hizo ni sifuri lakini 199, ya makosa ya mawasiliano, ni kubwa, shuku waya au kiunganishi kabla ya kuilaumu diski.

Hatua ya 4: Nakili diski nzima kwa ddrescue

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mzima, kwa hiyo soma polepole.

Usianze kunakili folda moja moja. Diski mbovu ikikutana na sekta iliyokufa inang'ang'ana nayo, na wewe unakaa kusubiri picha moja ya harusi wakati hesabu za watu hazijaguswa. ddrescue inafanya kinyume: inachukua kwanza kila kinachosomeka kirahisi, inaruka pabovu, halafu inarudi kupachokonoa mwishoni. Sijaona programu ya kulipia niliyoipenda kuliko hii ya bure. Kwenye Ubuntu na Debian kifurushi chake kinaitwa gddrescue. Kuna nyingine inayoitwa dd_rescue, nayo siyo hii.

Iache diski mbovu ndani ya kompyuta yake. Adapta nyingi za bei rahisi za USB huganda au kukata mawasiliano sekta mbovu inapotokea. Kinachokuja kwa USB kiwe ile diski ya nje ya kupokelea, yenye nafasi kubwa kuliko diski mbovu nzima, hata kama mafaili ni machache. Isiwe imeumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa mafaili, maana haipokei faili linalofika GB 4, na nakala yako itakuwa faili moja la mamia ya GB.

Sasa majina. Andika:

`lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL`

Linganisha namba ya SERIAL na ile iliyobandikwa juu ya diski. Usiamini kwamba sda ni mbovu kwa kuwa jana ilikuwa sda, kwa sababu ukizima na kuwasha majina yanaweza kubadilishana. Mimi huyaandika kwenye karatasi kila ninapowasha. Hapa chini sda ni diski mbovu na sdb1 ni diski ya nje; weka majina uliyoyaona wewe.

Kisha:

`mkdir -p /mnt/okoa`
`mount /dev/sdb1 /mnt/okoa`
`ddrescue -d -n /dev/sda /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map`

Mpangilio ni chanzo, nakala, ramani; -d inasoma diski moja kwa moja, -n inaacha sehemu ngumu kwa sasa. Usiongeze -f. Unaponakili kwenda kwenye faili huihitaji, na bila hiyo ddrescue inakataa kuandika moja kwa moja juu ya diski, hata ukikosea ukageuza mpangilio.

Faili la mwisho, diski.map, ndilo ramani ya kazi: lipi limesomwa, lipi limerukwa, lipi limekufa. Usiku ule niliandika diski.map peke yake, bila /mnt/okoa mbele. Likahifadhiwa kwenye folda niliyokuwemo, na ukiwaka kwa fleshi folda hiyo iko kwenye RAM, kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Betri ya ile kompyuta ilikuwa imekufa zamani. Saa nane usiku umeme ukakatika, na ramani ya saa tisa za kazi ikapotea. Nilibaki na nakala ya zaidi ya GB 300 nisiyojua wapi imejaa na wapi ni tupu, na diski iliyochoka zaidi ya mchana.

Kilichoniokoa ni kwamba ddrescue haiandiki sifuri mahali iliposhindwa kusoma. Nilianza upya juu ya nakala ileile, kwa ramani mpya, na vilivyopatikana mara ya kwanza vikabaki salama hata pale diski ilipokataa mara ya pili. Lakini nililazimika kuizungusha tena kuanzia mwanzo, jambo nililomkataza mwenye kompyuta asilifanye.

Kwa hiyo ramani ikae kwenye diski ya nje, na kama betri ni mbovu tafuta UPS. Elekeza feni kwenye kompyuta, iweke mahali pagumu, usiisogeze. Ukitaka kusimamisha, bonyeza Ctrl+C. Ukirudia amri ileile na ramani ileile, inaendelea ilipoishia. Diski ikitoweka katikati, zima kabisa, iache ipoe, washa, hakiki majina, endelea.

Diski isiyo mbovu ya GB 500 huchukua takriban saa mbili. Mgonjwa anaweza kuchukua siku mbili. Ya mama katibu ilifika asilimia 99.9, kisha nikaipeleka kwenye sehemu ngumu, ijaribu tena mara tatu (-r3):

`ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/okoa/diski.img /mnt/okoa/diski.map`

Ikikwama sana, ongeza -R isome kutoka nyuma kuja mbele.

Hatua ya 5: Fungua nakala

Zima, chomoa diski mbovu, washa tena kwa fleshi, unganisha diski ya nje kama mwanzo. Amri ya losetup inaifanya nakala ionekane kama diski. Kisha:

`losetup -rPf --show /mnt/okoa/diski.img`
`mkdir -p /mnt/ndani`
`mount -o ro /dev/loop1p2 /mnt/ndani`

Tumia jina la loop ulilooneshwa na namba ya sehemu kubwa uliyoiona kwenye lsblk. Mafaili yako kwenye folda ya Users. Kama sehemu (partition) hazionekani, jaribu testdisk, programu ya kuzitafuta, juu ya nakala. photorec, inayochokonoa faili moja moja, iwe ya mwisho, kwa sababu inarudisha mafaili bila majina yake.

Fungua kila faili la maana, usitosheke na ukubwa wake. Kuna picha za mkutano zilizofunguka nusu juu safi, nusu chini kijivu. Excel ilifunguka, na mama katibu akakaa na daftari la mkono akilinganisha mstari kwa mstari mpaka mwezi wa mwisho.

Hatua ya 6: Diski mpya

Weka SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka, sakinisha Windows upya, rudisha mafaili. Diski ya zamani nimeibandika karatasi yenye tarehe na neno "MBOVU", nikampa akaitunze kabatini. Itatupwa baada ya wanachama kuzipitia hesabu kwenye mkutano.