Koyote hawaitikii mlio wa sungura? Badilisha lugha

Kwa mnaowinda koyote (mnyama wa jamii ya mbwa, mfano wa bweha) huku Marekani: kuanzia Januari, acha kwanza filimbi inayoiga sungura anayelia kwa maumivu. Wawindaji wameipuliza tangu vuli, na koyote waliobaki wanaijua. Piga mlio mrefu wa koyote mmoja, mara mbili tu, kwa sauti ya wastani, halafu nyamaza nusu saa nzima. Kunyamaza ndiko kugumu, na ndiko kunakoleta mnyama. Januari hadi mwanzoni mwa Machi ni msimu wao wa kupandana: dume asiye na jike huja kutafuta mwenzi, na wenye eneo lao huja kumkagua mgeni. Hawa hawaji mbio kama wenye njaa. Wengi huzunguka kwanza wapate harufu yako, kwa hiyo kaa mahali ambapo upande unakoelekea upepo ni peupe, umwone kabla hajakunusa. Upepo ukiwa mkali, usihangaike, mlio haufiki mbali. Vuli nayo, mlio wa ubabe, ule wa koyote anayetishia wenzake, huwatisha koyote wachanga; wakati huo sungura bado ni bora.