Somo: Viuagugu kwenye mahindi, tukianzia na kipimo cha bomba

Wengi wetu tunaishi Dar es Salaam na mashamba yetu yako Kigamboni, Chanika, Kisarawe au Mkuranga. Dawa tunainunua Kariakoo, tunamkabidhi kijana wa kupulizia, na maelekezo yanabaki yale yale ya dukani: vifuniko viwili kwa bomba. Naanza somo hili kwa kuyakataa maelekezo hayo, kwa sababu dozi ya kiuagugu ni ya eneo, wala si ya bomba.

Hatua ya kwanza: pima bomba pamoja na mtu atakayelibeba. Pima kipande cha mita 10 kwa 10, jaza maji matupu kwenye bomba la mgongoni la lita 16, mwache apulizie kwa mwendo wake wa kawaida, kisha pima maji yaliyopungua. Yakipungua lita 4, ekari moja, ambayo ni takriban mita za mraba 4,000, itamchukua lita 160, yaani mabomba 10. Lebo ikitaka lita moja na nusu kwa ekari, kila bomba litawekwa mililita 150. Mwenzake mwenye mwendo wa haraka akitumia lita 2 tu kwenye kipande kile kile, atamaliza ekari kwa mabomba 5, naye atahitaji mililita 300 kwa bomba. Wape wote wawili vifuniko viwili, na huyu wa pili atakuwa ameweka nusu ya dawa ya mwenzake. Magugu yasipokufa, lawama inakwenda dukani kwamba dawa ni feki. Dawa feki zipo, sikatai, lakini pima kwanza.

Hatua ya pili ni kusafisha shamba kabla ya kupanda. Hapa hutumika glaifoseti, ambayo huingia kwa majani mabichi na kushuka hadi mizizini, hivyo inafaa kwa ndago na ukoka. Ichanganye na maji safi, kwa kuwa tope huinasa na kuidhoofisha, na usiipulizie mvua ikiwa karibu kunyesha. Haibagui: mahindi ya kawaida nayo hufa.

Hatua ya tatu, ndani ya siku tatu baada ya kupanda na kabla mahindi hayajachomoza, ni kuzuia magugu yasiote, kwa kiuagugu cha atrazini peke yake au kilichochanganywa na kingine, S-metolakloro, ipuliziwe juu ya udongo wenye unyevu. Anayepulizia arudi nyuma ili asikanyage alipopita. Kwenye mchanga wetu wa Pwani mvua kubwa huishusha dawa chini, kwa hiyo usizidishe dozi kwa kudhani unaimarisha kinga. Tena atrazini hukaa ardhini. Ukipanda mchicha mara tu baada ya kuvuna, usishangae ukiwa njano.

Hatua ya nne ni kwa magugu yaliyochomoza pamoja na mahindi. Kishonanguo na wenzake wa majani mapana huuawa na 2,4-D mahindi yakiwa na majani manne hadi sita. Yakizidi manane, mabua huweza kuwa mepesi kuvunjika. Kwa jamii ya nyasi hutumika nikosulfuroni, magugu yakiwa bado machanga. Pulizia asubuhi, kabla upepo wa baharini haujaanza. Mimi nilipulizia 2,4-D saa tisa alasiri, na baada ya siku chache majani ya mihogo ya jirani yalikuwa yamejikunja kama ngumi. Nililipa.

Glavu, buti, barakoa na miwani si hiari, hata kama chupa ina mstari wa kijani, ule wa dawa zenye sumu ndogo.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Shamba langu la Chanika lina mahindi na kunde pamoja. Nitumie dawa gani?

Marahaba. Atrazini na 2,4-D zote zitaua kunde zako. Safisha kwa glaifoseti kabla ya kupanda, kisha palilia kwa jembe, hasa katika wiki sita za mwanzo, ambapo mahindi huumizwa zaidi na magugu.

Ndugu mtaalamu, naweza kuchanganya nikosulfuroni na dawa ya viwavijeshi ili nilipe kibarua mara moja?

Soma kwanza kiambato kwenye lebo. Dawa ya wadudu ya kundi la ogano-fosfeti, kama profenofosi, ikikutana na nikosulfuroni huweza kuyaunguza mahindi yenyewe. Acha wiki moja kati yake, au fuata muda mrefu zaidi ukiandikwa kwenye lebo.

Bomba nililopulizia 2,4-D nikilisuuza vizuri, siwezi kulitumia kwenye nyanya?

Usithubutu. Masalia kidogo tu kwenye mpira na nozeli yanatosha kuzipotosha nyanya. Nunua la pili. Langu nimeliandika MAGUGU kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kiasi kwamba kijana wa shamba anazisoma akiwa mlangoni mwa stoo.